Mshale kwa Fundi Asiyesikia

Fundi friji alikuwa hasikii. Homa ya utotoni ilimwachia macho makali na masikio ya pambo, ndivyo alivyopenda kusema mwenyewe kwa mikono yake, na ukimwona kazini utakubali kwamba hakupunjwa. Mafundi wengine hutega sikio kwenye friji, wakakunja uso na kutikisa kichwa kwa uchungu ili bei ipande. Yeye huweka kiganja. Anakibandika ubavuni mwa friji, anafumba macho, na kabla mwenye nyumba hajamaliza kusimulia jinsi maziwa yalivyoharibika, ameshajua kama ni kompresa, feni, au panya aliyetafuna waya.

Shida yake ilikuwa kuzifikia hizo friji. Mtu ambaye friji yake imekufa hana subira ya kuandika ujumbe. Anapiga simu, na anaeleza njia kama mtu anayekimbizwa: pita shule, achana na kona ya kwanza, ingia ya pili, kuna geti lilikuwa la bluu ila siku hizi si la bluu tena, ukipotea uliza mtu yeyote. Simu zote hizo zilipokelewa na bintiye, ambaye mtaa mzima ulimwita Sikio. Jina hilo alibandikwa na watoto wenzake kwa kumtania, likamganda mpaka akawa mtu mzima, naye hakulichukia hata siku moja. Wangapi wana jina linaloeleza kazi yao hapa duniani?

Garini Sikio alikaa kando ya baba yake, mkono mmoja umelala begani kwa mzee. Dereva asiyesikia hana anasa ya kugeuka kumtazama anayemsemesha. Macho yake yanafanya kazi ya macho na ya masikio pia: barabara, kioo cha kati, kioo cha pembeni, barabara tena. Basi wawili hao walikuwa na lugha yao ya bega. Vidole vikibonyeza upande huu, kata huku, vikibonyeza upande ule, kata kule, na shingo ikifinywa, kanyaga breki usiulize. Wamezunguka mji kwa namna hiyo tangu miguu ya Sikio haijafika chini akiketi.

Na haikuwa njia tu. Benki, serikali za mitaa, wenye nyumba, mafundi wenzake, wote walipita mikononi mwa Sikio kabla hawajamfikia Fundi. Mama yake Sikio alipofariki, kazi yote ikamwangukia yeye, na aliifanya bila kukwepa. Siku moja mwalimu wake alikuja nyumbani kumshtaki kwamba amemchora mwalimu mkuu akiwa na mkia. Sikio akasimama katikati ya watu wazima wawili, akayapeleka mashtaka yote, mkia na urefu wake, kisha akaenda kulala bila kuangalia televisheni wiki nzima. Hakupunguza neno. Hilo alijivunia kuliko cheti chochote.

Sasa hospitali kubwa katika mji mwingine, mbali, safari ya kutwa nzima, ilikuwa inatafuta mkalimani wa lugha ya ishara, na walimpigia simu wakimtaka. Wakampa mpaka mwisho wa wiki kujibu. Alipomwambia baba yake, mzee alirukaruka uani kama aliyekanyaga kaa la moto, akatoka nje kuwaonyesha majirani: anamnyooshea kidole bintiye, anajipiga kifua, anamnyooshea tena. Kisha akarudi ndani na uso wa mtu aliyekwisha kupiga hesabu zote.

"Tutanunua kile kidude cha njia," alisema kwa mikono. "Cha kuweka garini. Wateja nitawaambia waandike mtaa na namba, wakitaka friji yao ipone. Wewe nenda."

Simu ya mkononi ya mzee walikuwa wameshaijaribu kuonyesha njia wakakata tamaa. Ikikaa kwenye jua juu ya dashibodi inachemka na kujizima. Mteja akipiga, ramani inatoweka na badala yake kunatokea jina la mtu anayetaka kujua fundi amefika wapi. Na huko pembezoni mwa mji mtandao unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Walihitaji kifaa chenye kazi moja tu.

Sikio alipaswa kufurahi. Alitabasamu, akasema vizuri baba, akaenda chumbani na kuketi kitandani. Alikuwa anaogopa, tuseme ukweli. Hajawahi kulala mji mwingine zaidi ya siku za msiba. Hapa kila mtu alijua yeye ni nani na anafaa nini. Miaka yote alijiona wa lazima kama figo, kumbe kuna kidude dukani kinauzwa pamoja na chaja yake.

Duka lenyewe lilikuwa la vifaa vya magari, limebanana betri, mazulia na wipa za vioo, na harufu ya mpira mpya ilikukaribisha kabla ya mwenye duka. Muuzaji alikuwa mtu mzima, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba.

"Karibuni. Niwasaidie nini?"

"Tunataka GPS," Sikio akasema. "Ya kawaida, isiyo na makuu. Ni ya baba. Hasikii."

Muuzaji akafanya jambo ambalo watu wachache hulifanya. Hakuendelea kumtazama Sikio. Alimgeukia Fundi, akamwamkia kwa kuinamisha kichwa, na maneno yake yote akayaelekeza kwake, polepole, akimwachia binti kazi ya kuyabeba. Sikio akampenda mtu huyo palepale, na ikamuudhi kwamba amempenda.

Akatandika kitambaa juu ya meza ya kioo, akaweka vifaa viwili. Kimoja kidogo, chembamba, kinang'aa.

"Hiki ndicho kila mtu anakikimbilia," akasema. "Kinaongea. Kinakutajia mtaa, kinakwambia mbele kuna foleni, na sauti unachagua mwenyewe, ya kiume, ya kike, hata ya kubembeleza." Akakisukuma pembeni. "Lakini kwako mzee wangu ni hasara tupu. Kioo chake kama kibiriti, na ukikiondolea sauti hakibaki na kitu. Wewe chukua hiki."

Cha pili kilikuwa kinene, cheusi, na sura ya kitu kilichotoka stoo. Muuzaji akakiwasha. Mshale mweupe ukajaa nusu ya kioo, peke yake, bila mapambo. Akabonyeza mahali kuonyesha safari ya mfano. Kona ilipokaribia, ukingo mzima wa upande wa kukata ukawaka rangi ya machungwa.

"Hakina muziki, hakina picha, lakini ramani zake zinabadilishwa kama kawaida. Na hutakuwa na haja ya kukikodolea macho. Kibandike karibu na kioo cha kutazamia nyuma, pale ambapo jicho lako linapita hata hivyo. Rangi ikiwaka upande huu, utaiona tu, kata huku. Basi."

Sikio aliyarudia maneno hayo kichwani. Rangi ikiwaka upande huu, kata huku. Huo ulikuwa mkono wake begani, umetiwa kwenye plastiki nyeusi.

Baba yake akamgusa kiwiko. "Anasema nini?"

Akainua mikono. Mpaka hapo, angeapa kwamba atasema kweli. Mikono ikaenda yenyewe.

"Anasema hiki kikubwa ni cha zamani. Ramani zake hazibadilishwi tena. Bora hiki kidogo, ndicho watu wanachonunua."

Fundi akakunja uso. Macho yake hayakuwa ya kuchezewa. "Mbona anakigonga kile kikubwa kwa kidole?"

"Kimemdodea. Anataka kukiondoa dukani."

Mzee akacheka, cheko lake lile la pumzi tupu, akamtikisia muuzaji kidole kama kumwambia, nimekustukia bwana. Muuzaji, asiyejua kinachoendelea, akatabasamu naye.

"Umemweleza ile rangi inavyowaka?" akamuuliza Sikio.

"Nimemweleza."

Sasa alikuwa amedanganya kwa mikono na kwa mdomo, ndani ya dakika ileile. Muuzaji akavaa miwani, akamwangalia kwa muda kidogo zaidi ya adabu.

"Haya. Kama ndivyo anavyotaka mwenyewe," akasema, na akakitia kile kidogo kwenye mfuko.

Walipotoka nje, Fundi alimpiga bintiye kofi la mapenzi mgongoni. "Bila wewe ningepigwa mchana kweupe," akasema. Sikio akaingia garini, akafunga mkanda, na mkono wake ukashindwa kutulia begani kwa mzee njia nzima.

Alijitetea moyoni kwa kila hoja aliyoweza kuipata. Kwamba hakuna aliyeumia. Kwamba baba atakijaribu kidude, kitamshinda, watacheka, naye atawapigia watu wa hospitali awaambie samahani, mzee hawezi kubaki peke yake. Mtu akiamua kujidanganya hakosi mawakili. Usiku huo alilala vizuri tu, na hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Kesho yake Fundi akaondoka peke yake, kidude kimebandikwa mbele, sanduku la vifaa nyuma. Alikataa kusindikizwa. Sikio akabaki nyumbani na shangazi yake, dada wa Fundi, mama mwenye sauti ya kutosha watu wawili, kana kwamba alipewa na fungu la kaka yake. Alikuja kumsaidia kuchagua nguo za safari, na alizichagua huku akitoa maoni ambayo hakuombwa.

"Hii blauzi iache, inakufanya uonekane muuguzi kabla hujafika. Na mbona huna furaha wewe? Ningekuwa mimi ningeshalala stendi."

"Baba je, shangazi?"

"Baba yako ana nini? Alikuwa anaendesha gari kabla hujazaliwa."

"Alikuwa na mama."

Shangazi akaacha kukunja. "Mwanangu, usije ukamfanya kaka yangu kisingizio. Mimi namjua, akigundua hatakufokea. Atanyamaza. Na yule akinyamaza hakuna pa kumshika."

Kabla Sikio hajajibu, simu ikaita. Alikuwa mama mmoja, mteja, amekasirika na kushangaa kwa pamoja.

"Wewe binti, huyu fundi wako vipi? Amepita hapa getini mara ya pili sasa! Nampungia mkono, na yeye ananipungia, halafu anakwenda zake!"

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Sikio alijaribu kucheka naye, ikashindikana. Alimwona baba yake waziwazi kabisa: mtu mpole nyuma ya usukani, anamsalimia mama asiyemjua kwa sababu amesalimiwa, huku kidude kinapiga kelele za kubembeleza, geuza gari, geuza gari, ndani ya gari ambamo hakuna wa kukisikia.

Fundi alirudi jua linazama. Shangazi alikuwa ameshaondoka. Hakugusa chakula. Aliketi jikoni kwenye kiti kifupi chini ya taa, akaanza kufuta spana zake kwa kitambaa, moja baada ya nyingine, hata zile safi. Kisha akaweka kitambaa chini ili mikono iwe huru.

"Nilimpita mteja. Nilidhani ananisalimu." Akatabasamu, tabasamu halikukaa. "Halafu mtu wa baiskeli. Nilikuwa nakitazama kile kidude, mshale wenyewe kama mchwa. Nilipoinua macho, kioo changu cha pembeni kilikuwa kimeshamgusa mkono."

"Aliumia?"

"Hapana. Alinitukana. Nilimsoma mdomoni." Mikono ikalala mapajani, kisha ikaamka tena. "Si kosa la kidude. Umenichagulia kizuri, watu wote wanaendesha nacho. Kichwa changu ndicho kimekwisha. Nitauza gari. Anayetaka friji itengenezwe ataileta hapa."

Nani atabeba friji mgongoni ailete kwa fundi? Mzee alilijua hilo kuliko yeyote. Alikuwa anasema kwamba kazi yake imefika mwisho, na alikuwa anaisema taratibu, bila kulalamika, kama anayemwomba bintiye radhi. Sikio aliona mabega yale aliyoyashika miaka yote yameshuka, na akajua ni nani aliyeyashusha.

"Baba, nilikudanganya," akasema.

Fundi akamtazama kama hakuelewa. Wasemao kwa mdomo wanaweza kunong'ona mambo ya aibu, wakayapitisha haraka gizani. Sikio ilimbidi arudie, chini ya taa, kwa ishara kubwa zilizo wazi.

"Dukani. Muuzaji alisema uchukue kile kikubwa. Alisema ramani zake zinabadilishwa. Alisema kile kidogo hakikufai hata kidogo. Nilibadilisha maneno. Sikutaka kwenda. Naogopa kwenda. Nilitaka kikushinde."

Mzee hakuhema, hakugonga meza. Aliitazama mikono ya bintiye, siyo uso, mikono, kana kwamba ni vyombo vilivyokutwa vina kutu.

"Mengine ni yapi?" akauliza.

"Mengine yapi?"

"Uliyobadilisha."

"Hakuna, baba. Ni hayo tu."

"Nitajuaje?"

Sikio akaitazama mikono yake. Kila alichowahi kusikia mtu huyu kutoka kwa ulimwengu alikisikia hapa, kwenye vidole hivi.

Fundi akaendelea, polepole. "Siku aliyofariki mama yako. Daktari alisema nini?"

"Alisema alilala tu. Alisema hakupata maumivu."

"Ulikuwa mtoto. Na ulinipenda."

"Ndivyo alivyosema, baba. Neno kwa neno."

"Labda," akasema Fundi.

Kwa neno hilo la daktari mzee alikuwa ameishi. Aliwapa wageni wa msiba, alijipa mwenyewe kila mwaka siku ile ilipozunguka. Nalo lilikuwa la kweli. Sikio alimkumbuka daktari yule, alivyovua glovu zake kwanza ndipo akasema. Lakini ukweli huo leo ulipita kwenye vidole vilevile vilivyopitisha uongo wa jana, na vidole havina alama ya kutofautisha. Akafungua mikono aape. Baba yake alikuwa ameshainama kwenye spana. Mtu anayesikia akinuna, bado unaweza kumbembeleza kwa sauti, hata akikupa mgongo. Fundi akiinamisha macho, hakuna unapopitia.

Asubuhi mzee alimwashiria waingie garini, wakaenda dukani bila neno. Alipozima injini akamwambia, "Wewe kaa hapa." Akatoa karatasi na kalamu kwenye mfuko wa shati, akaingia peke yake.

Sikio akatazama kupitia kioo cha duka. Midomo ya muuzaji ilikuwa inacheza, yeye hasikii kitu. Baba yake anaandika, muuzaji anavaa miwani, anasoma, anaandika chini yake. Karatasi inakwenda na kurudi. Muuzaji akachora mshale hewani kwa kidole, Fundi akachora wake, wakacheka wote wawili kama watu waliosoma darasa moja. Kisha muuzaji akainua macho na kutazama nje, moja kwa moja kwenye gari. Sikio alitamani ardhi ipasuke immeze. Alijiuliza baba yake ameandika nini, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa upande ule wa kioo ambao mtu hubaki kukisia.

Fundi alirudi na kile kikubwa. Alikibandika mwenyewe karibu na kioo cha kati, akaingiza jina la mtaa wa yule mama wa jana, akawasha gari. Sikio alibana mikono yake katikati ya magoti. Kwenye mzunguko wa barabara, ukingo wa kifaa ukawaka, na Fundi akakata kona kabla hata vidole vya Sikio havijakumbuka kwamba si kazi yao tena. Kona ya pili vivyo hivyo. Ya tatu mzee alianza kuhesabu kwa kidevu, rangi, kata, rangi, kata, na mabega yake yalikuwa yamepanda mahali pake. Sikio alifurahi na kuumia kwa mpigo mmoja, hata hakujua machozi ni ya lipi.

Walikuwa hawajafika kwa yule mama simu ilipoita. Ilikuwa hospitali. Akamgusa baba yake mkono, Fundi akaegesha pembeni.

"Tunasubiri jibu lako," akasema mwanamke wa upande wa pili, sauti ya kikazi lakini si mbaya. "Unakuja?"

"Nakuja," akasema Sikio.

"Vizuri. Limebaki jambo moja. Tunahitaji neno la mtu asiyesikia ambaye umewahi kumkalimania. Atuthibitishie kwamba unapeleka maneno kama yalivyo, huongezi wala hupunguzi. Hapa kwetu, unaelewa, neno moja likibadilika mgonjwa anaweza kufa. Hata ujumbe wa simu unatosha. Una mtu?"

Wapo wengine wasiosikia ambao Sikio angeweza kuwataja, kinyozi wa mtaa wa pili, mshonaji mmoja, wote aliwahi kuwasaidia na wote wangemsifu mpaka basi. Mzee alikuwa anamtazama.

"Ninaye," akasema. "Nipeni dakika chache."

Akakata simu, akageuka. Akampa baba yake yote, kama yalivyokuja: kwamba amekubali kazi, kwamba wanataka shahidi asiyesikia athibitishe kuwa yeye haongezi wala hapunguzi, kwamba neno moja likibadilika mgonjwa anaweza kufa. Hata sehemu hiyo iliyomhukumu hakuiruka.

Fundi akatazama nje kwa muda. Mtu alipita na mkokoteni, akapotea. Kisha akanyoosha kiganja aombe simu.

Aliandika kwa kidole gumba kimoja, anafuta, anaandika tena, ulimi umechomoza kidogo pembeni mwa mdomo kama anapofunga nati ndogo. Akatuma kabla ya kumwonyesha. Ndipo akamrudishia, na Sikio akasoma.

"Mimi ni baba yake. Nimewasikia watu wote kupitia kwake. Mara moja alinidanganya kwa sababu aliogopa kuondoka nyumbani. Akaja kuniambia mwenyewe, sikumuuliza. Mchukueni."

Sikio alisoma mara mbili. Uso ulimwaka moto. "Hiyo ya kudanganya ungeiacha tu," akasema kwa mikono. "Hawatanichukua."

"Labda," akasema Fundi. "Lakini wameomba maneno kama yalivyo. Ningeiacha, ningekuwa nimebadilisha." Akamtazama usoni, siyo mikononi, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Na yale ya daktari, mwanangu, nimeyaamini."

Akawasha gari.